Nyufa za Kuziba, Nyufa za Kuacha

Ukitaka kujua nyumba kuukuu inapitisha baridi wapi, washa kijiti cha udi. Chagua siku ya upepo, funga milango, acha jiko la kuni liwake. Mama mwenye nyumba anatembea polepole, anapitisha udi kando ya fremu za madirisha, kwenye pembe za mlango, chini ya ngazi, pale sakafu inapokutana na ukuta. Moshi ukipanda wima, anapita. Ukiyumba ghafla, anasimama, na mumewe anayemfuata nyuma anatia alama ya chaki. Katika nyumba ninayoizungumzia kazi hiyo hufanywa mwezi wa Aprili, baridi ikiwa haijaondoka sawasawa, maana baridi inayofuata huanza kushughulikiwa siku ile ile inayopita inapoaga.

Nyumba yenyewe iko Burlington, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Ni ya mbao, ya ghorofa moja, na ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi ambazo mji huo wa kando ya Ziwa Champlain ulikuwa ukiishi kwa biashara ya mbao. Wenyewe ni mume na mke, watu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, waliofika Marekani kwa kupitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Mume alijifunzia useremala kambini, kwenye vitanda na stuli. Mke anahudumia wazee, na kabla ya kuhamia nyumba hii hakuwa amewahi kushika kisu cha puti, ile ya kushikizia vioo. Leo yeye ndiye fundi wa vioo, na mumewe hasiti kusema kwamba mkono wake mwenyewe haufiki hapo. Januari ya huko inaweza kushuka hadi nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa hiyo hawa hawafanyi mapambo.

Nilikwenda kwao kula ugali na ndagala, nikaishia kukaa kwenye stuli kibarazani nikiangalia watu wanavyofanya kazi. Cha kwanza nilichokiona ni kwamba hawakuanza pale ambapo mimi ningeanza. Baridi mtu huihisi dirishani, kwa hiyo wengi hukimbilia dirishani. Wao walianza darini. Hewa ya moto hupanda, na ikipata upenyo juu inatoka. Ikitoka, nyumba inavuta nyingine kwa chini, na hiyo ya chini ni ya baridi kutoka kwenye msingi. Ukiziba madirisha yote ukaacha tundu pale dohani inapotobolea dari, nyumba itaendelea kuvuta pumzi mchana na usiku kwa gharama yako. Basi mume alitambaa juu ya dari akaziba kila mahali palipopitisha waya, bomba na dohani, kisha ndipo wakajaza nyuzi za karatasi za magazeti zilizotiwa chumvi ya borati ili zisishike moto upesi. Waya za zamani, zile za kupita kwenye vigae vya kauri, waliziachia fundi umeme mwenye leseni azing'oe kabla ya dari kufunikwa. Hapo hawakujaribu ubabe, na walifanya vyema.

Ila utamu wa kazi uko madirishani. Haya ni madirisha ya kupandisha na kushusha, mbao mbili zenye vioo zinazopishana ndani ya fremu. Kila upande, ndani ya ukuta, limefichwa pande refu la chuma linaloning'inia kwenye kamba ya pamba iliyopita juu ya kapi. Uzito wa chuma unalingana na uzito wa dirisha, ndiyo maana mtoto wa miaka sita anaweza kuliinua kwa kidole, na likabaki pale pale alipoliacha. Kamba ikikatika, dirisha linashuka kama panga. Watu wengi wakifika hapo hulipigilia misumari, wakalipaka rangi likiwa limefungwa, na miaka thelathini ikapita bila mtu kulifungua. Ndivyo hawa walivyoyakuta.

Kulitoa ni kazi ya subira. Kwanza rangi inakatwa kwa kisu pale ubao unapokutana na fremu, safari nyingi, bila kuchokonoa. Kisha vipande vya mbao vinavyolishikilia vinabanduliwa kidogo kidogo, kuanzia katikati, kwa sababu vimekauka na vinapasuka kwa hasira ya dakika moja. Rangi yenyewe ni hatari: Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye madini ya risasi mwaka 1978, na nyumba hii ina tabaka nyingi za kabla ya hapo. Kwa hiyo wanakwangua mbichi, wakiinyunyizia maji ili vumbi lisiruke, wamevaa barakoa, turubai limetandikwa chini, na watoto wamepelekwa kwa shangazi yao. Nimeona mafundi wanaolipwa wakipuuza haya yote.

Dirisha likishalala mezani, mke analichukua. Puti kuukuu imekuwa ngumu kuliko mbao inayoishikilia, naye haigongi kwa patasi. Anailainisha kwa mvuke ndani ya kisanduku alichotengenezewa na mumewe, kisha inatoka kwa kisu bila kelele. Chini yake kuna vipembe vidogo vya bati vilivyobana kioo. Anaving'oa, anakitoa kioo, anakiegemeza ukutani juu ya blanketi. Hakitupi kamwe. Kioo cha zama hizo kilipulizwa kikawa silinda, kikapasuliwa na kulainishwa kwa moto mpaka kikalala bapa, kwa hiyo kina mawimbi na viputo, na ukipita mbele yake mti wa jirani unacheza.

Mbao tupu anaipaka mafuta ya kitani na kuiacha inywe. Fundi asiye na subira huruka hatua hii, na mbao kavu inanyonya mafuta yote ya puti, puti inabaki unga na kupasuka mapema. Puti ya asili ni unga wa chaki na mafuta ya kitani, basi. Anaikanda mkononi mpaka ikubali, anatandika utepe mwembamba kwenye mfereji wa mbao, anakilaza kioo juu yake na kukikandamiza kwa vidole kwenye kingo, asikiguse katikati. Ya ziada inajitokeza upande wa pili. Anarudisha vipembe, kisha anasokota kamba ya puti na kuipachika kwa dole gumba, kuzunguka pande zote nne.

Halafu ndipo kisu. Anakishika kikiwa kimelala mshazari, ncha moja juu ya kioo, ubavu juu ya mbao, anakivuta kutoka pembe hadi pembe kwa mkono mmoja usiosita. Akisimama katikati, alama inabaki. Akikandamiza mno, puti inachimbika. Akilegeza, inabaki na vinundu. Kinachobaki nyuma ya kisu ni mteremko laini wa kumwaga maji ya mvua, na ukingo wake haupandi juu ya ukingo wa mbao ya upande wa ndani, ili ukiwa sebuleni usiione puti hata kidogo. Nilimwona akiibandua pembe moja iliyokuwa nzuri machoni pangu. "Baba watoto, hii umeionaje?" Mumewe akainama, akachungulia. "Hiyo bado, mama." Akaanza upya, bila kununa.

Rangi haipakwi siku hiyo. Puti inaachwa wiki moja au mbili mpaka ifanye ngozi, na rangi inapopakwa inavuka puti na kugusa kioo kwa upana wa milimita moja au mbili. Ule uzi mwembamba wa rangi ndio unaozuia maji kupenya. Ukimwona mpaka rangi akikwangua rangi yote mpaka ukingoni ili kioo kipendeze, ujue amekifungulia maji mlango. Na matambara yaliyofutiwa mafuta ya kitani mke hayafinyangi na kuyatupa kwenye ndoo: anayatandaza nje moja moja mpaka yakauke. Yakirundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Nyumba zimewahi kuungua hivyo.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini methali haisemi ziba upi. Mwezi wa Oktoba mume anatundika madirisha ya nje, yale ya ziada ya kuvaliwa wakati wa baridi tu: fremu ya mbao yenye kioo inayoning'inizwa kwenye kulabu mbele ya dirisha la kawaida, ili hewa iliyotulia katikati iwe kizuizi. Kila fremu ameichonga kwa randa ifuate fremu ya nyumba, ambayo haina pembe hata moja iliyonyooka. Dirisha la ndani limebanwa sawasawa. La nje, nilimkuta akilitoboa vitundu viwili chini, kwa makusudi. Nikadhani amekosea. Kumbe unyevu wa chumbani, wa pumzi zetu na sufuria jikoni, lazima kidogo utapenya. Ukikuta nje pamefungwa kabisa utaganda juu ya kioo na kuozesha mbao. La ndani libane, la nje lipumue. Ukigeuza utaratibu huo, umeharibu kazi ya mkeo ya miezi mitatu.

Kwenye dohani ni hivyo hivyo. Matofali yake ni ya zamani, laini, yaliyojengewa chokaa. Mtu aliyetangulia aliziba nyufa kwa saruji, na saruji ni ngumu kuliko tofali na haipitishi maji. Unyevu ulionaswa ndani ya tofali uliganda, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia tisa, kwa hiyo uso wa tofali ukabanduka vipande. Saruji ikabaki imesimama, tofali limeliwa. Mume alichimbua ile saruji mstari kwa mstari akarudisha chokaa, na aliifanya kazi hiyo Julai ili chokaa ipate muda wa kukomaa kabla ya barafu. Hapa mtu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa Lamu hahitaji kufundishwa. Hakuna barafu huko, lakini kuta za mawe ya matumbawe zikipigwa lipu ya saruji hubaki na unyevu na chumvi ndani yake, lipu inavimba na kuanguka, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza pole pole bila mtu kuziona.

Yaliyobaki nayataja kwa haraka. Kuni zilipasuliwa mwaka uliotangulia, maana kuni mbichi hutoa joto kidogo na kuacha ndani ya dohani utando mweusi unaonata na kushika moto. Dohani ilipigwa brashi. Bomba la nje lilifungwa kutokea ndani na maji yakamwagwa yote. Mlango wa chini ulipata ukanda mpya wa sufu.

Wauzaji wa madirisha ya plastiki hubisha hodi kila msimu, na kusema haki, dirisha jipya la vioo viwili huzuia baridi vizuri. Lakini dirisha kuukuu lililotengenezwa vyema, likivaa lile la nje, linalikaribia sana, na la plastiki likishaachia gundi na kuingia ukungu kati ya vioo, mara nyingi hutupwa zima. Hili la mbao kila kipande chake kinafunguka: kamba, kapi, puti, kioo. Msonobari wake ulikua polepole msituni, mistari yake imesongamana, na mbao za namna hiyo hazipatikani madukani siku hizi.

Kwa hiyo wewe uliyerithi nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Lamu au Bagamoyo, na masika yanakaribia: kabla hujanunua mfuko wa saruji, mtafute fundi mzee anayejua chokaa, umuulize ukuta wako unatakiwa kupumua wapi. Mlipe vizuri, na umpe kijana wa kujifunza kwake.