Sikio la Fundi

Wanaosimulia mbio za magari humsifu dereva. Jina lake ndilo linalochongwa kwenye kikombe, na picha yake ndiyo inayobandikwa ukutani. Mimi sifa zangu nazipeleka kwingine. Nazipeleka kwa mtu aliyelala chini ya gari, mgongo juu ya gunia, mikono imejaa oili hadi viwikoni. Kasi yote niliyoionja ujanani ilitoka mikononi mwake, na zaidi ya mikononi, ilitoka sikioni mwake.

Gari lenyewe lilikuwa la rafiki yangu, Datsun 1600 SSS ya milango minne, nyeupe, iliyoanza kuliwa na kutu chini ya milango kama yaliwavyo magari yote ya Mombasa. Tuliliita Triple S. Wamarekani walikuwa na magari yao ya misuli: mwaka 1964 Pontiac walichukua injini ya V8 ya lita 6.4, wakaitia ndani ya gari la ukubwa wa wastani, wakaliita GTO, na vijana wa Detroit wakawa wakikimbizana usiku kwenye Woodward Avenue. Sisi V8 hatukuwa nayo, wala pesa za kuinywesha petroli. Injini ya Triple S ilikuwa na sentimita za ujazo 1,595 tu. Lakini gari lilikuwa jepesi, halifiki tani moja. Magurudumu ya nyuma yalikanyaga barabara kila moja kivyake, na ubavuni mwa injini zilikaa kabureta mbili badala ya moja.

Tena lilikuwa na jina. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa Datsun ya aina hiyo hiyo, na baada ya hapo hapakuwa na kijana wa Pwani asiyejua herufi zile tatu. Safari ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa kuwa kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka, Pasaka yetu ilikuwa Pasaka ya vumbi na matope. Tulimjua Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, mwaka 1973 na kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Tulimjua Joginder Singh, na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote, kwa sababu alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Ushindi wake wa mwaka 1965 aliupata pamoja na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya wengine. Mtu anayechukua gari lililochoshwa na wenzake na kulifanya lishinde Safari amekwisha kushinda nusu ya mbio akiwa bado gereji.

Rafiki yangu alilinunua gari lake Nairobi. Aliposhuka nalo Pwani lilikuwa taabu tupu. Ukikanyaga mafuta linasita, linapiga chafya kwenye kabureta, kisha ndio linakwenda. Kwenye mlima injini inagonga. Kila mjuaji alikuwa na lake. Mmoja alisema pampu ya petroli, mwingine alisema gasketi, na wa tatu alitaka injini ishushwe kabisa. Mwisho tukalipeleka kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe huko Majengo. Sote tulimwita Ami, kwa umri wake na kwa heshima yake.

Ami hakufungua kitu. Alimwambia rafiki yangu awashe, akasimama kando ya boneti ameinamisha kichwa, akamwambia akanyage, aachie, akanyage tena. Kisha akauliza, “Mwanangu, gari hili umelitoa bara?”

“Naam, Ami. Nairobi.”

“Basi bado liko Nairobi.”

Alitueleza huku akipangusa mikono. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya kule ni nyepesi. Fundi wa kule, akiwa mzuri, hupunguza petroli ili ilingane na hewa hiyo, na huenda akawahisha cheche kidogo. Gari likishuka Mombasa linakutana na hewa nzito. Petroli ile ile sasa haitoshi, na ndiyo maana linapiga chafya. Cheche iliyowahishwa inawahi kupita kiasi, na ndiyo maana linagonga. Hakuna kilichovunjika. Nimesikia maelezo mengi ya kisomi tangu siku ile, na machache yamenikaa kama yale. Mtu aliyesimama kwenye mchanga wa Majengo alisikia, ndani ya mngurumo wa injini, kimo cha mji alikotoka mwenye gari.

Kazi ikaanza, na sikuruhusu jicho langu litoke pale.

Aliziacha kabureta mwisho. Kwanza aliifanya injini ipate moto, akafungua kifuniko cha juu, akashika spana mbili, namba 14 na namba 17, akaanza kupima nafasi za valvu moja baada ya nyingine: milimita 0.25 kwa valvu za kuingizia, 0.30 kwa za kutolea moshi. Kibati cha kupimia alikishika kwa vidole viwili tu. Kikikwama, nafasi imebana. Kikipita bila kugusa kitu, imelegea. Alitaka kipite kwa kusita kidogo, na kusita huko hakuandikwi katika kitabu chochote. Vidole vyenyewe ndivyo vinavyojua. Akaja kwenye distribyuta, akasafisha chumvi ya bahari iliyoota kwenye vichwa vya waya, akapanga upya nafasi ya poinsi na kurudisha nyuma cheche.

Ndipo akazigeukia kabureta. Zilikuwa za Hitachi, za mtindo ambao ndani ya kila moja mna pistoni ndogo inayopandishwa na mvuto wa hewa. Chini ya pistoni imening'inia sindano iliyochongoka, nayo imezama kwenye tundu la petroli. Pistoni ikipanda sindano hupanda nayo, tundu likapanuka, petroli ikapita nyingi zaidi. Ni kitu sahili na kizuri mno. Lakini zikiwa mbili lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo moja inaiburura nyingine na nguvu inapotea njiani.

Ami alikuwa na kipande cha mpira wa petroli, urefu wa mkono. Alilegeza kiungo kinachozifunga kabureta pamoja, akatia ncha moja ya mpira sikioni na nyingine akaisogeza kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Akasikiliza mluzi wa hewa. Akahamia ya pili. Akageuza skrubu kiasi kidogo sana, akarudi ya kwanza. Alikwenda na kurudi hivyo, macho ameyafumba, kama mpiga udi anayekaza nyuzi kabla wageni wa tarabu hawajaketi. Miluzi ilipolingana alichukua bisibisi nyembamba, akanyanyua pistoni ya kabureta moja kwa milimita moja hivi. Injini ikipandisha kasi na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzimika, imepungua. Ikipanda kidogo kisha ikarudi pale pale, imekaa. Alirekebisha hadi zote mbili zikakaa, halafu akanipa mimi mpira ule nisikilize. Nilisikia mluzi mmoja. Nilihamisha mpira, nikasikia mluzi ule ule.

Rafiki yangu alidhani tumemaliza. Ami akamwambia atoe magurudumu. Hakuwa tayari kulitoa gari lile gerejini lina nguvu kabla hajaziona breki zake, diski za mbele na ngoma za nyuma, na alizishughulikia kwa saa nyingi kuliko injini. Kwa vijana wote waliomletea magari ya kukimbizana ilikuwa hivyo. Asiye na pesa ya breki hakufanyiwa kabureta.

Mbio zenyewe nitazisema kwa ufupi, kwa kuwa ndivyo zilivyokuwa. Zilifanyika barabara ya Malindi, baada ya Mtwapa, kuelekea mashamba ya mkonge ya Vipingo, alfajiri, barabara ikiwa tupu. Nakumbuka Ford Escort moja iliyotutangulia tangu gia ya kwanza. Triple S ikaifikia kwenye gia ya pili, na ya tatu ilipoingia sauti ya injini ikabadilika, ikawa ngumu na safi, bila kukatika hata mahali pamoja, na Escort ikabaki nyuma. Asubuhi ile ile tulimpelekea Ami habari. Hakuuliza nani ameshinda. Alifungua plagi ya kwanza, akaitazama kwenye mwanga. Nyeusi ingemwambia petroli imezidi, nyeupe ingemwambia imepungua. Ilikuwa na rangi ya hudhurungi. Akairudisha mahali pake na kutuagizia chai.

Barabara ile leo imejaa watu, matatu na bodaboda saa zote, na anayekimbizana pale anatafuta roho za watu. Nalisema hili bila kusitasita. Kinachostahili kurithiwa ni kile kilichofanyika chini ya mwembe.

Magari ya sasa yana kompyuta inayopima hewa na petroli mara nyingi kwa kila sekunde, na ukilishusha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa linajirekebisha lenyewe njiani. Hayo ni maendeleo, nami nayafurahia. Kijana wa leo huchomeka mashine na kusoma namba ya hitilafu, na wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa akili kubwa. Lakini beringi inayokufa bado inalia kabla kompyuta haijajua, na anayeisikia mapema anamwokolea mwenye gari injini nzima. Sikio halijaachishwa kazi. Tangu mwaka 2003 kuna Safari ya magari ya zamani, ambapo Datsun na Escort hukimbia tena katika barabara za Afrika Mashariki, na magari hayo hayana pa kuchomeka mashine. Yanamtaka mtu mwenye kipande cha mpira na subira.

Watu hao bado wapo Majengo, wapo barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, wapo Gerezani Dar es Salaam, na wengi wao wana mvi sasa. Kwa hiyo nina ombi. Ukiwa na gari la aina hii limelala uani, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Mtafute fundi mzee wa mtaani kwako, mtafutie na kijana mmoja anayependa injini, wakalifungue pamoja. Na mzee umlipe, si kwa kulitengeneza gari tu, bali kwa kumfundisha kijana.