Mgomo, Fujo na Mshikamano: Uhakiki wa Lugha ya Maandamano katika Shule za Bweni nchini Kenya

Utangulizi

Kila shule ya bweni inapokumbwa na msukosuko, mjadala wa umma nchini Kenya huelekea haraka kwenye suala la nidhamu: iwapo wazazi wamelegeza malezi, iwapo viranja wamepewa madaraka kupita kiasi, au iwapo viboko vilivyopigwa marufuku mwaka 2001 virejeshwe. Makala haya yanaanzia kwingine, kwenye msamiati. Yanadai kwamba tunapoeleza maandamano ya wanafunzi, huwa tunataja kelele zao na wingi wao, lakini mara chache tunauliza kuhusu hiari yao. Je, aliyekataa kushiriki aliachwa salama? Swali hilo lisipoulizwa, mshikamano na ulazimishaji huitwa kwa jina moja. Matukio mawili yaliyotenganishwa na miaka 34 yatatusaidia kuonyesha gharama ya mkanganyiko huo.

Meru, 1991

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Kizito, wilayani Meru, wavulana waliokuwa wamepanga mgomo dhidi ya usimamizi wa shule waliwavamia wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga nao. Wasichana walikuwa wamekimbilia bweni moja wakitafuta usalama. Wasichana 19 walifariki, wengi wao kwa kukanyagwa na kukosa hewa katika msongamano, na zaidi ya 70 walibakwa.

Tukio hili limeendelea kuandikwa katika orodha za "migomo ya wanafunzi". Uainishaji huo unastahili kupingwa. Mgomo ulikuwepo, lakini ulikuwa dhidi ya usimamizi. Kilichowapata wasichana kilikuwa shambulio, na sababu yake iliyotajwa sana ilikuwa kwamba walisema hapana. Nomino "mgomo" inawajumuisha wote katika kitendo kimoja na kumficha mtenda. Msomaji haoni tena ni nani aliyegoma, ni nani aliyekataa kugoma, wala ni nani aliyeadhibiwa kwa kukataa.

Lugha ya wenye mamlaka nayo haikusaidia. Naibu wa mkuu wa shule alinukuliwa na vyombo vya habari akisema kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana, bali walitaka tu kuwabaka. Ulimwengu ulishtushwa na maudhui ya kauli hiyo, lakini muundo wake nao unahitaji kuhakikiwa. Unatenganisha ubakaji na dhara, kana kwamba mwili wa msichana ni sehemu ya kawaida ya yale ambayo wavulana wanaweza kuyadai.

Wala hili si jambo la jinsia pekee. Mwaka 1999, katika shule moja ya wavulana mjini Nyeri, viranja 4 waliteketezwa wakiwa wamefungiwa chumbani mwao. Katika matukio yote mawili, walioumizwa walikuwa wanafunzi walioonekana kutokuwa upande wa wenzao.

Sarufi ya kushikamana

Hekima yetu ya jadi huusifu wingi. Tunawafundisha wanafunzi kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na kwamba wengi wape. Methali hizi zina ukweli wake, ila hazisemi chochote kuhusu namna wingi huo ulivyopatikana. Mwanafunzi anayeandika insha juu ya umoja hupata alama kwa kuzitaja, na ni nadra kuulizwa umoja unakoma wapi.

Sarufi, hata hivyo, inatoa mwanga. Kitenzi "shikamana" kimebeba kiambishi cha utendano: mimi nimekushika, nawe umenishika. Anayeburuzwa hajashikamana na anayemburuza, ingawa kwa mbali wanaonekana kwenda pamoja. Hali kadhalika, "kujiunga" kunabeba kirejeshi kinachomfanya mtu kuwa mtenda wa kuingia kwake. "Kuunganishwa" humfanya mtendwa. Kwa hiyo upungufu hauko katika lugha, uko katika matumizi yetu. Kiswahili kinatofautisha kile ambacho ripoti zetu zinakichanganya.

Nakuru, 2025

Tukio la pili lilitokea tarehe 10 Aprili 2025, katika tamasha la kitaifa la drama mjini Nakuru. Wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walikuwa wameruhusiwa na Mahakama Kuu kuigiza tamthilia ya *Echoes of War*, iliyoandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Malala alikuwa amekamatwa na polisi. Wasichana walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka bila kuigiza. Nje, polisi waliwatawanya watu kwa vitoza machozi.

Hapa fujo iliyoonekana haikutoka kwa wanafunzi. Walichofanya kilikuwa mgomo katika maana yake kamili: kukataa kutenda kile kilichotarajiwa. Hawakumlazimisha yeyote, na hasara waliibeba wao wenyewe, kwani walipoteza onyesho walilolipigania hadi mahakamani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mjadala ilimhusu mtunzi: ana haki gani ya kuwaandikia wanafunzi, na ana nia gani ya kisiasa. Maswali hayo ni halali. Kigezo cha hiari hakimsazi mtu mzima anayewaongoza watoto, na msichana ambaye angetaka kuigiza siku hiyo alistahili ulinzi uleule. Lakini kumzungumzia mtunzi peke yake kuliwageuza wasichana kuwa vyombo, huku kitendo walichokifanya wenyewe mbele ya taifa kikikosa mchanganuzi.

Hitimisho

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, ripoti za uchunguzi ziache kuyaweka maandamano, uharibifu wa mali na mashambulio chini ya jina "mgomo"; kila kitendo kitajwe pamoja na mtenda na mtendwa wake. Pili, kila uchunguzi uulize ni nani waliokataa kushiriki na yaliyowapata. Jibu la swali hilo litamwonyesha mtunga sera hali ya shule kuliko idadi ya madirisha yaliyovunjwa. Tatu, walimu wa Kiswahili wafundishe methali za umoja sambamba na nyingine ambayo madarasa yetu huisahau: hiari yashinda utumwa. Wasichana wa Meru walikuwa na haki ya kusema hapana kwa wenzao, kama walivyokuwa nayo wasichana wa Butere ya kusema hapana kwa wakubwa wao. Mshikamano usioilinda hapana ya kwanza hauna msingi wa kuidai ya pili.