Mtu Asiyejua Jana Yake: Maneno juu ya Sinema "Crossroads"

Kuna sinema za kutufurahisha kwa saa moja tu, na kuna nyingine zinazotuachia ulizo moyoni. Leo tunasema juu ya sinema iliyotuwekea ulizo kubwa, kisha ikalikimbia. Jina lake ni "Crossroads," maana yake Njia Panda. Ilitengenezwa Marekani katika mwaka 1942 na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer; mwongozaji wake alikuwa Jack Conway.

Kwanza tueleze habari yenyewe. Tuko Paris, mwaka 1935. David Talbot, anayechezwa na William Powell, ni mtu wa cheo katika wizara ya mambo ya inje ya Ufaransa. Ana heshima, tena si siku nyingi ameoa bibi mzuri, Lucienne, anayechezwa na Hedy Lamarr. Siku moja anapata barua ya kumdai faranga milioni moja. Talbot hajui deni lolote, basi anakwenda kwa polisi, na mwenye kudai anakamatwa. Lakini mbele ya waamuzi mtu yule anasema kwamba huyu anayeitwa Talbot ni Jean Pelletier, mwizi.

Mtu mwingine angecheka tu. Talbot hawezi kucheka. Katika mwaka 1922 aliumia katika ajali ya gari la moshi, na mambo yote ya mbele ya siku ile yamefutika kabisa katika akili yake. Hata jina lake analijua kwa sababu wengine walimwambia. Ndipo anasimama shahidi, Henri Sarrou, anayechezwa na Basil Rathbone, na kusema kwamba Pelletier alikwisha kufa. Talbot anatoka mshindi. Kumbe baadaye Sarrou anamfikia kwa siri: alisema uongo ili kumwokoa, maana Talbot ndiye Pelletier, na wote wawili waliiba feza, na mtumishi wa benki aliuawa. Sasa alipe sehemu ya mwenzake, ama siri itoke.

Hapa sinema inafanya kazi yake vizuri sana. Inatuonyesha jinsi mtu mwovu anavyouza kimya. Sarrou hahitaji ushuhuda mwingi. Anahitaji tu mahali palipo tupu katika maisha ya mtu mwingine, naye analijaza kwa maneno yake. Mtu anayekumbuka aweza kujibu kwamba siku ile alikuwa mahali fulani. Talbot hawezi. Polepole anaanza kujiogopa mwenyewe, na hofu hiyo inamfunga kuliko pingu. Hata anapokwenda kwa mama mzee wa Pelletier, na mama anakana kwamba huyu ni mwanawe, hapati amani. Maana mama aweza kusema uongo kwa sababu ya upendo. Hatukuona katika sinema nzima pahali pazuri kuliko hapo.

Halafu Talbot anawatega wale waliomtega. Inajulikana kwamba maneno yote yalitungwa. Yeye ni Talbot kweli, hakuiba, hakuua. Polisi wanawachukua wabaya, naye anarudi kwa bibi yake. Watazamaji wanapumua. Nasi tulipumua, lakini tuliona kwamba tumenyimwa kitu.

Ili kujua ni kitu gani, yafaa kuitazama sinema mama. "Crossroads" imetokana na sinema ya Kifaransa, "Carrefour," ya mwaka 1938. Mwongozaji wake alikuwa Kurt Bernhardt, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Pale mtu yule ni tajiri mwenye viwanda, aliyepotewa na kumbukumbu katika vita ya 1914-1918, naye anachezwa na Charles Vanel. Vitisho ni vilevile, hata shahidi wa uongo yumo. Lakini mwisho ni mwingine: mtu huyu mwema, mwenye kupendwa nyumbani, ndiye Pelletier kweli.

Tazameni tofauti. Sinema ya Marekani inauliza: Je, ni yeye? Ikiisha kujibu kwamba siye, hakuna neno tena. Sinema ya Kifaransa inauliza: Kama ni yeye, basi afanye nini? Hilo ndilo ulizo gumu. Pelletier alijua alichotenda siku alipokitenda. Kusahau hakufuti deni. Lakini mtu atatubu namna gani tendo ambalo hawezi kulikumbuka?

Kwa nini Marekani haikuthubutu? Siku zile sinema zao zilishika kanuni ambazo Padri Daniel Lord, Mjezuiti, aliziandika pamoja na Martin Quigley, mkatoliki mwenye magazeti. Zilikubaliwa katika mwaka 1930, zikashikwa kwa nguvu tangu 1934, zikaachwa katika 1968. Kwa kanuni hizo uovu haukuweza kumaliza sinema bila azabu. Nia ilikuwa njema. Lakini mwuaji aliyegeuka kuwa mtu mwema hakupata nafasi pale: ama afungwe, ama aonekane kwamba hakuua. Talbot alipewa njia ya pili, iliyo rahisi. Tena Powell alikuwa amependwa na watu tangu "The Thin Man" ya 1934, kama mpelelezi mcheshi. Nani angeamini kwamba aliua? Uso wa Vanel ni mzito, waweza kuubeba wema na uovu pamoja.

Kuna neno jingine tunalolilaumu. Wote wanahangaika juu ya jina la Talbot, kazi yake na ndoa yake. Mtumishi wa benki anatajwa kama hesabu tu. Sinema haitupeleki nyumbani kwake hata mara moja. Talbot amesahau kwa sababu ya ajali, lakini watu wa marehemu hawakusahau. Kama angesema: Ikiwa mkono huu uliua, niko tayari kujibu kwa watu wake, hapo tungemwona mkubwa kweli, hata kabla ya kujua kwamba hana kosa. Zamiri haingoji polisi wamalize kazi yao.

Hatusemi sinema hii isitazamwe. Rathbone, aliyejulikana kama Sherlock Holmes, anacheza uovu kwa sauti ya upole, nayo inatisha. Na Claire Trevor ni mwongo wa kuaminika. Lakini mwenye kupata nafasi aanze na hiyo, kisha aitafute ile ya 1938, na wakiisha kutazama zote mbili yeye na wenzake, waulizane: kama mimi ningekuwa Pelletier, ningekwenda kwa nani kwanza?