Mninga, Bawaba na Njia Nyeupe

Anayeanza kupiga picha za nyota akiwa Ipuli, mjini Tabora, ana bahati ambayo hakuiomba. Tabora iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na kitovu cha Njia Nyeupe, kile kipande kinene kati ya mkia wa Nge na Mshale, hupita juu ya mji kikiwa kimeinuka nyuzi 66 kutoka upeo wa kusini. Kule London kitovu hichohicho hakifiki hata nyuzi 10. Kinatambaa juu ya mapaa, ndani ya ukungu na mwanga wa mji. Hapa kinapanda hadi sehemu ya anga ambayo taa za ulinzi na za barabarani huichafua kidogo kuliko zote. Ua wa nyuma ya nyumba, wenye ukuta wa tofali na mwembe mmoja, unatosha.

Mimi naipenda kazi hii kwa sababu karibu kila hatua yake hufanywa kwa ajili ya kitu ambacho mfanyaji hajakiona bado na hana hakika atakiona.

Chukua fokasi. Gizani kamera haiwezi kujitafutia yenyewe, kwa hiyo mpiga picha huizima fokasi ya kujiendesha, huelekeza lenzi kwenye nyota kali, tuseme ile nyekundu ya kifuani mwa Nge, huikuza kwenye kioo cha nyuma kadiri inavyokuzika, kisha huzungusha pete ya lenzi taratibu. Nyota hupungua kutoka doa hadi nukta, halafu huanza kuvimba tena. Hapo anajua amepitiliza, na anarudi. Atakwenda na kurudi mpaka vidole vijue mahali penyewe, kisha atabandika kipande cha gundi ya karatasi pete isihame. Alama ya umbali usio na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi haiaminiki, hasa kwa lenzi za bei nafuu zinazouzwa pamoja na kamera. Nayo ardhi ya Tabora ni ya mchanga. Miguu ya stendi huzama kidogokidogo bila mtu kuona, kwa hiyo kila mguu huwekewa kipande cha tofali chini yake.

Halafu muda. Anga huzunguka nyuzi moja kila dakika 4, na shata ikikaa wazi kupita kiasi nyota huwa vistari. Kanuni ya wanaoanza ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi, baada ya kuuzidisha kwa 1.5 au 1.6 ikiwa kamera ni ya sensa ndogo. Lenzi ya milimita 18 hutoa sekunde 17 au 18. Ya milimita 50, sekunde 6 tu. Wenye jicho kali hupunguza zaidi, na kwetu wana sababu ya ziada: nyota zipitazo utosini mwa Tabora ziko karibu na ikweta ya anga, nazo ndizo zinazokimbia kuliko zote.

Picha moja ya sekunde 15 ikifunguliwa kwenye kompyuta huvunja moyo. Anga ni ya kahawia, chenga zimejaa, na Njia Nyeupe ni wazo tu. Lakini chenga huzuka kiholela, kila picha na zake, ilhali nuru ya kweli hurudi palepale. Ukipanga picha 4, nyota juu ya nyota, na kuchukua wastani, chenga hupungua kwa nusu. Picha 16 huziacha robo; 64 huziacha sehemu moja ya nane. Programu za kufanya hivyo, kama Siril na DeepSkyStacker, hupatikana bure. Kabla ya kulala mpiga picha hufunika lenzi kwa kifuniko chake na kupiga tena picha kadhaa za giza tupu, kwa muda uleule na katika baridi ileile, ili madoa ya kamera yenyewe yajulikane na yaondolewe. Kukishapambazuka hupiga nyingine kupitia fulana nyeupe iliyovutwa juu ya lenzi, zionyeshe jinsi pembe za lenzi zinavyopokea mwanga pungufu. Mtu amekesha katika baridi ya Julai, na bado ana subira ya kupiga picha za kifuniko na fulana.

Kazi hii ina baba, naye alilelewa katika studio ya picha. Edward Emerson Barnard alizaliwa Nashville, Marekani, Desemba 1857, katika umaskini, na akaajiriwa studio angali mtoto. Mwaka 1889, akiwa kwenye kituo cha falaki cha Lick huko California, alipiga picha za Njia Nyeupe zilizowashangaza wanafalaki, na lenzi aliyotumia ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kupiga sura za watu. Darubini kubwa ziliona kipande kidogo mno cha anga. Lenzi ya studio iliona mawingu mazima ya nyota na mapengo meusi kati yake. Alikaa kwa saa nyingi jicho likiwa kwenye darubini ndogo ya kando, akiirudisha nyota moja katikati kila ilipotaka kuponyoka. Mapengo yale wengi waliyadhania matundu. Yeye mwenyewe alisitasita miaka mingi kabla ya kukubali kuwa mengi ni mavumbi yanayoziba nuru iliyo nyuma. Mwaka 1919 aliorodhesha 182. Alifariki 1923, na atlasi yake ikatoka 1927 ikiwa na picha halisi zilizosafishwa kutoka kwenye negativu, ambazo alikuwa amezikagua mwenyewe moja baada ya nyingine, zaidi ya 35,000. Mapengo hayo ndiyo yanayojitokeza kwanza katika picha za Ipuli zikishapangwa.

Mwezi mmoja kabla ya Barnard kuzaliwa, Novemba 1857, wapelelezi Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu, kwa njia ya misafara kutoka pwani. Katika safari ile Speke ndiye aliyeshughulika na vipimo vya latitudo, sekstanti mkononi. Namba hiyohiyo aliyoitafuta, nyuzi 5 kusini, ndiyo anayoihitaji leo mtu anayetaka kuacha shata wazi kwa dakika badala ya sekunde, kwa sababu lazima kamera izunguke pamoja na anga.

Kifaa cha kuizungusha ni mbao mbili na bawaba. Mskoti George Haig alikitangaza mwaka 1975, na hadi leo sijaona kitu rahisi kinachonistaajabisha kama hicho. Skrubu yenye hatua ya milimita 1 husimama milimita 229 kutoka kwenye bawaba. Ukiizungusha mzunguko mmoja kila dakika, ubao wa juu hufunguka kwa mwendo uleule wa dunia. Mkono na saa ya ukutani vinatosha: robo mzunguko kila sekunde 15. Tabora tuna mninga, mti ambao ukishakauka hausinyai wala haupindi kirahisi. Nilipompelekea fundi seremala vipimo aliuliza mlango wenyewe uko wapi. Nikamwambia, "Mzee wangu, hauna mlango, ila bawaba isicheze hata kidogo." Alichagua vipande viwili kutoka kwenye mabaki ya kitanda, akavigonga kwa kifundo cha kidole. "Huu umekaa miaka, mwanangu. Haupindi tena."

Bawaba lazima ielekee ncha ya anga, kwetu ile ya kusini. Kule Uskoti huinuka nyuzi 56 hivi. Kwetu inalala karibu sawa na ardhi. Ubao wa sentimita 30 huinuliwa upande wa kusini kwa sentimita 2.6, basi. Kusini yenyewe haipatikani kirahisi kwa nyota, maana ile iliyo karibu na ncha ni hafifu na imezama kwenye vumbi la upeo. Hutafutwa mchana. Mwezi Juni jua hupita kaskazini mwetu, hivyo kivuli cha timazi, kikiwa kifupi kuliko vyote, huelekea kusini kamili. Hilo hutokea karibu saa saba kasoro dakika kumi, kwa kuwa saa zetu hufuata longitudo iliyo mashariki mwa Tabora. Mtu huchora mstari huo kwenye sakafu ya baraza, naye ameupata kwa mwaka mzima.

Msimu ni mfupi. Mvua hushika kuanzia Novemba hadi Aprili. Agosti, kitovu kinapofika juu mnamo saa tatu usiku, saa nzuri hata kwa mwenye kazi asubuhi, moshi wa mapori yanayochomwa huwa umeanza kuifubaza anga. Juni na Julai ndiyo miezi ya kushika. Ninachowaomba wanaoanza ni kuziacha rangi. Programu inaweza kuipaka Njia Nyeupe zambarau ya kanga, na wengi huipaka. Rangi yake ya kweli ni ya mchanga mkavu, na yenye wekundu kidogo pale mavumbi yanapozidi. Aliyekesha kwa ajili ya nuru hiyo hana sababu ya kuibadilisha.

Picha ninayotamani kuiona ikipigwa Ipuli ni ya Mei, usiku wa kwanza mkavu. Mnamo saa nne kasoro robo katikati ya mwezi huo, Salibu, yaani Msalaba wa Kusini, husimama wima upande wa kusini, nyuzi 35 juu, na saa ileile Dubu Mkubwa huwa kaskazini, kichwa chini. London haiioni Salibu, na Cape Town haimwoni Dubu mzima. Kamera igeuzwe wima, ianze kusini, ipande hadi utosini na kushukia kaskazini, kila picha ikishika theluthi ya iliyotangulia ili programu iweze kuziunga. Kazi hiyo inaweza kumalizika ndani ya dakika 5, mradi stendi iko juu ya tofali na fokasi ilishabandikwa tangu magharibi.