Sikio Kabla ya Bisibisi

Mashine ya kufyonza vumbi ikianza kulia kwa sauti nyembamba kuliko kawaida, wengi wetu hudhani mota inakufa. Fundi anayejua kazi yake husikia jambo jingine kabisa: mota imepata wepesi. Bomba au chujio limeziba, feni haina hewa ya kusukuma, basi inazunguka kasi zaidi bila mzigo. Hajagusa skrubu hata moja, na tayari anajua aanzie wapi.

Ninamheshimu sana mzee mmoja wa Tanga anayezitengeneza mashine hizi barazani kwake. Nyingi huletwa kutoka misikitini, ambako zulia limetandikwa ukuta hadi ukuta na ufagio hauliwezi. Kwanza huuliza. Ilizimika ghafla au ilififia? Ilitoa harufu? Ilipopoa, iliwaka tena? Swali hilo la mwisho lina thamani kubwa. Mashine nyingi zina swichi ndogo ya joto inayokata umeme mota ikichemka, na katika nyingi hewa ileile iliyofyonzwa, ikishachujwa, ndiyo inayoipoza mota. Mfuko ukijaa, mota hukosa upepo. Kwa hiyo anayesema mashine yake huzima yenyewe kisha ikawaka amekwisha kuleta nusu ya jibu.

Baada ya hapo huchomoa plagi na kukagua kuanzia nje kwenda ndani: fyuzi, waya, swichi. Waya huupima huku akiukunja pale unapoingia kwenye mashine, kwa kuwa hapo ndipo hukatikia ndani kwa ndani huku ganda likibaki zima. Mashine ngapi zimetupwa kwa sababu ya kipande hicho kifupi cha waya!

Lakini uhodari wake hasa huonekana kwenye kaboni. Ni vipande viwili vidogo vinavyosukumwa na springi vigusane na pete ya shaba iliyogawanywa vipande vipande, ili umeme uifikie sehemu inayozunguka. Kaboni huisha kwa kusuguliwa; ndivyo ilivyokusudiwa, iishe yenyewe shaba ibaki. Kuibadilisha tu mtu yeyote anaweza. Mzee kwanza husafisha mifereji iliyo kati ya vipande vya shaba, maana unga wa kaboni ukijaa humo umeme huruka kipande hadi kipande na cheche huongezeka. Kisha huzungushia pete ile msasa laini, upande unaokwaruza ukitazama juu, na kuisogeza kwa mkono, taratibu, mpaka uso wa kaboni mpya upate mviringo wa shaba. Kijana anayemsaidia hutaka kuwasha mapema. “Tulia mwanangu, bado haijalala sawasawa.” Huitoa, huitazama kwenye mwanga, huirudisha. Ikisharidhisha hupuliza unga wote, kisha huunga mota kwa mfululizo na balbu ya zamani ya waya ili ipate umeme kidogo na kuzunguka polepole. Cheche zikiwa ndogo na za rangi moja, hutikisa kichwa kukubali.

Beringi nazo zina adabu yake. Mota hizi zinaweza kufikia mizunguko 30,000 kwa dakika, yaani 500 kila sekunde. Feni iliyopinda kidogo tu itatikisa mashine nzima na kuzila beringi mpya. Ndiyo maana huikagua kila jani kwa kidole kabla ya kufunga.

Naona kazi hii inastahili kufanyiwa nyumbani, kwani hata mashine zenyewe zimewahi kuundwa kwa vitu vya nyumbani. James Murray Spangler, mfagiaji wa duka huko Canton, Ohio, aliyesumbuliwa na pumu, aliunda mashine yake ya kwanza kwa mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya. Hataza yake ilitoka mwaka 1908, na baadaye ikaingia mikononi mwa familia ya Hoover.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mashine yako ikinyamaza, usikimbilie kununua nyingine. Chomoa plagi, safisha chujio, tazama fyuzi na waya, kisha mpelekee fundi na umweleze vizuri ilivyolia kabla ya kuzima. Akikuomba uiache hadi kesho, mwachie.