Sufuria ya Maharage na Mkaa wa Kopo

Saa moja na nusu usiku jirani yangu aliipua sufuria ya maharage ikiwa bado inatokota, akaifunika barabara, akaitumbukiza kapuni taratibu kama anamlaza mtoto. Juu yake akaweka mto uliojazwa makumbi ya nazi, na juu ya mto gunia la katani lililokunjwa mara nne. Kisha akaokota kwa koleo makaa yaliyobaki jikoni, akayafungia ndani ya kopo la maziwa ya unga ili yakose hewa na kuzimika.

"Hayo ya chai ya asubuhi," akasema. "Maharage yatajimalizia yenyewe, mwanangu."

Mtaani kwetu hapa Muheza wako wanaomwita bahili. Mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta muda wa kutosha kujua kwamba jina hilo halimfai. Bahili hujinyima, na huyu mama hajinyimi. Maharage yake ni ya nazi, tena yaliyoungwa tui zito. Anachokifanya ni kupanga nini kitangulie na nini kifuate, na nimejaribu kuufuata mpangilio huo hatua kwa hatua ili nione shilingi inaponea wapi.

Tuanze na moto, maana ndiko fedha nyingi inakoteketea. Maji yakishachemka hayapati joto zaidi. Huku kwetu, ambako si mbali na usawa wa bahari, yanagota kwenye nyuzi kama 100 za Selsiasi, uchochee usichochee. Maharage yanayotokota polepole na yale yanayorusha kifuniko yanaiva kwa joto lile lile. Tofauti ni kwamba moto mkali unageuza maji kuwa mvuke, na mvuke ni ghali. Kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunataka kilojuli kama 315. Kuigeuza lita hiyo hiyo yote kuwa mvuke kunataka kilojuli 2,250 na ushei, yaani zaidi ya mara saba. Kwa hiyo kila kikombe cha maji unachoongeza kwa sababu sufuria imekauka ni mkaa uliokwisha kuupeleka darini.

Ndipo kapu linapopata maana. Ni kapu la ukindu la kawaida, la kuendea sokoni, lililotandikwa blanketi kuukuu na makumbi. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke. Lenyewe halina moto wowote. Hata Ulaya waliijua mbinu hii zamani: sanduku la Kinorwei la kupikia bila moto lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1867, na Waingereza walipikia katika masanduku yaliyojazwa nyasi kavu wakati wa vita vikuu vyote viwili vya dunia, kuni na makaa yakiwa haba. Sisi hatukuhitaji vita.

Lakini kapu lina masharti, na hapa nilijifunza kwa aibu. Mara ya kwanza niliyajaribu maharage mekundu nyumbani kwangu, nikayaloweka, nikayatia maji ya moto, nikayafunika kapuni moja kwa moja. Asubuhi yalikuwa magumu, maji yamechacha na yananuka. Jirani alicheka hadi akakaa chini. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini ambayo haivunjiki kwa uvuguvugu. Lazima yachemke kweli kweli, si chini ya dakika 10, ndipo yaende kapuni. Yeye huyachemsha nusu saa nzima, huku saa hana. Hupima kwa kupuliza: ganda la punje likipasuka na kujikunja ukilipuliza, tayari. Na kabla ya hapo huyaloweka tangu asubuhi, anayamwaga maji ya kwanza kwenye migomba. Sufuria nayo lazima ijae. Sufuria iliyojaa nusu hupoa haraka, kwa hiyo hupika ya siku mbili kwa mkupuo mmoja. Asubuhi huyarudisha motoni yatokote tena kabla ya mtu yeyote kula.

Nazi inaingia wakati huo wa asubuhi. Anaikuna kwenye mbuzi, anaikamua mara mbili kwa kifumbu. Kasimile, lile tui zito la kwanza, analiweka kando. Tui jepesi la pili ndilo linalotangulia chunguni na kuchemka na maharage, kwa sababu halina mafuta mengi ya kukatika. Zito linaingia mwisho, linakorogwa mfululizo upande mmoja, likitoa povu mara mbili tatu anaipua. Wanaomimina yote kwa pamoja mwanzoni hupata mafuta yanayoelea juu na maharage yasiyo na ladha, halafu siku ya pili wanatumia nazi mbili. Chicha wanapewa kuku. Kifuu kinasubiri jikoni, kwani kikikauka huwaka kwa ukali kuliko mkaa. Makumbi nimeshayataja. Na moto anauwasha kwa maganda ya machungwa aliyoyaanika juu ya bati. Mafuta yaliyomo ndani ya ganda yanashika moto upesi, naye hajanunua mafuta ya taa ya kuwashia jiko. Msimu wa machungwa ukipamba moto hapa Muheza, maganda ni kitu ambacho hata watoto hawakihesabu.

Jiko lenyewe ni banifu, la bati lenye udongo wa kuchoma ndani. Aina hii ilienea Kenya miaka ya 1980, na upande wetu ikaja na jina la Jiko Bora. Udongo unazuia joto lisipotelee ubavuni, na mkaa unaookolewa ukilinganisha na jiko la bati tupu ni kama theluthi hivi, wakati mwingine zaidi. Udongo ukipasuka anauziba kwa mchanganyiko wa majivu na udongo wa kichuguu. Sina la kuongeza hapo.

Hadi hapa kila mtu anaweza kumsifu. Mimi nilitaka kujua kitu kingine: mkaa wenyewe anaununuaje?

Maana kuna ubanaji wa matumizi unaokula fedha badala ya kuiokoa. Sote tunaujua. Mkaa wa kopo, mafuta ya kula ya kipimo, sukari ya robo, sabuni ya kukatiwa kipande. Ukimtazama mtu ananunua hivyo utasema huyu anabana, kumbe analipa bei ya juu kuliko wote. Chukua namba za mfano tu, nawe uweke za mtaani kwako. Tuseme kopo ni shilingi 1,000 na gunia linatoa makopo 80. Anayenunua kopo atakuwa ametoa 80,000 gunia lilipokwisha. Tuseme gunia zima linauzwa 55,000. Kama nyumba inatumia makopo mawili kwa siku, kila baada ya siku 40 inamwachia muuza mkaa 25,000 kwa kosa la kutokuwa na 55,000 siku ya kwanza. Ujanja wote wa kapu na maganda ya machungwa unaweza kumezwa na kopo.

Kwa hiyo swali la kiufundi si namna ya kutumia kidogo. Ni namna ya kupata fedha ya mkupuo kutoka kwenye kipato kinachoingia kwa matone: vitumbua vya asubuhi, vibarua vya kuchuma machungwa, mtoto aliyetuma kitu kutoka Tanga mjini. Kibubu alikijaribu. Kibubu, anasema, kina mdomo mmoja na nyumba ina midomo saba. Mtoto akiumwa usiku kinavunjwa. Fedha iliyo ndani ya nyumba ni fedha inayoitwa na kila shida.

Upatu ndio uliomtoa kwenye kopo. Wako kumi, kila Jumapili kila mmoja anatoa 10,000, na mmoja anabeba 100,000. Ndani ya wiki kumi kila mtu ametoa laki moja na kupata laki moja. Hakuna riba, hakuna faida, kwa hesabu za darasani mtu angesema hakuna kilichofanyika. Lakini mwenye namba ya kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila karatasi, mwenye namba ya mwisho ameweka akiba mahali ambapo hawezi kuigusa, na wote kumi wamepata donge ambalo kibubu kisingewapa. Kinachoushikilia mchezo ni kijumbe, anayepita nyumba kwa nyumba kukusanya na anayejua nani apewe namba ya mbele na nani, kwa heshima zake zote, awekwe mwishoni asije akala na kuhama mtaa. Ujuzi huo haumo kwenye fomu yoyote. Vikundi vikubwa zaidi, vya hisa na mikopo kama VICOBA, sasa vina mahali pao kisheria, katika daraja la nne la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Mchezo wa watu kumi unaendelea kuishi kwa kuaminiana na kuoneana haya.

Kwa laki yake ya kwanza alinunua gunia la mkaa na dumu la mafuta. Ile tofauti ya bei aliyoacha kumpa muuza kopo ndiyo inayolipa sehemu ya mchango wake wa Jumapili. Gunia likikaribia kwisha, vumbi la mkaa lililobaki chini analikanda na uji mzito wa unga wa muhogo, anafinyanga madonge na kuyaanika. Unga huo, wa kupikia bada, haukosekani nyumba ya Wabondei, wenyeji wa huku.

Halafu upo umeme, na hapa hesabu yote inageuka kichwa chini miguu juu. Katika bei zilizoanza Aprili 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani hutozwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 122. Uniti ya 76 inapanda hadi 350 kabla ya kodi. Angalia maajabu yake. Mkaa unamwadhibu anayenunua kidogo. Umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, unamwadhibu anayenunua mwingi, na ukinunua wa 1,000 leo na wa 1,000 kesho, bei ya uniti ni ile ile. Kwa mtu wa kipato cha matone, hii ndiyo bidhaa pekee nyumbani iliyotengenezwa kwa kipimo chake. Ila kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo kila mwezi, kwa hiyo usishangae uniti zikija pungufu siku ya kwanza.

Uniti 75 ni mbili na nusu kwa siku. Balbu ya LED ya wati 5 ikiwaka saa tano inakula uniti 0.025, haionekani. Pasi ya wati 1,000 ikivuta moto mfululizo kwa saa nzima inamaliza uniti moja, ndiyo maana sare za shule kwake hupigwa zote Jumapili jioni, pasi ikipata moto mara moja tu. Na chungu cha umeme cha presha, kile kinachojifunga na kujizima, kinaivisha sufuria ya maharage bila kufikisha uniti moja. Fanya hesabu mwenyewe: maharage yaliyoiva kwa chini ya shilingi 122. Hakuna kopo la mkaa linaloshindana na hapo, kapu liwepo au lisiwepo.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mazungumzo mengi niliyoyasikia juu yake yanahusu kuelimisha akina mama. Jirani yangu haelimishwi kitu hapo. Bei ya uniti anaijua, wati za pasi anazijua. Anachokosa ni kile kile alichokikosa enzi za kopo: bei ya chungu inalipwa kwa mkupuo.

Safari hii kwenye upatu ana namba nane. Alimwomba kijumbe ambadilishie na mwenye namba tatu, kijumbe akamwambia, "Subiri, mama, mwenzio ana mtoto anaanza shule." Amesubiri. Juzi usiku nilipopita kwake kuchukua ufunguo nilimkuta amesimama juu ya stuli mbele ya mita, anamulika kwa simu. Zilikuwa zimebaki uniti 11.4, na mwezi ulikuwa umebakiza siku sita.

"Chungu kingekuwepo," akasema akishuka, "zingetosha?"

Tukakaa barazani, tukaanza kupiga hesabu.