Wamesoma kuvu, na chura je?

Wandugu, makala ya O'Hanlon na wenzake, iliyotoka katika Science mwaka 2018, ni kazi kubwa. Walilinganisha jenomu 234 za kuvu inayoharibu ngozi ya vyura, wakaonyesha asili yake ni Asia ya Mashariki, na biashara ya wanyama inaisambaza.

Lakini jeni za chura mwenyewe hawakuzisoma. Mbona mmoja anakufa, mwenzake anapona? Kule Arizona, Savage na Zamudio walionyesha mwaka 2011 kwamba jeni za kinga zinahusika.

Sisi wa agronomia tunajua ile mosaiki ya muhogo: ukisoma virusi tu, bila kutafuta aina inayovumilia, shamba linakwisha. Chura naye asomwe.